Sanduku la Urushi Lililopasuka na Kazi Yake Mpya

Mtu wa Bujumbura mwenye kitu kilichovunjika hakitupi kabla hajakipeleka Buyenzi. Katika mtaa huo wa Waswahili, ambao njia zake hutajwa kwa nambari na ambao sauti ya nyundo husikika humo tangu alfajiri hadi adhuhuri ikatize, mafundi wameondolea watu dhiki kwa miaka mingi: injini iliyokufa hufufuliwa, kitanda kilicholegea hukazwa, sufuria iliyotoboka huzibwa, na mwenye mali hurudi nyumbani akishukuru. Hivyo, ikiwa mtu amerithi, au amenunua kwa mhamaji aliyeuza vyombo vyake, sanduku jeusi la Kijapani lenye nakshi za dhahabu, na sanduku hilo likawa limepasuka kifuniko na kubambuka pembe, ni dhahiri kwamba marafiki zake watamwelekeza huko huko. Makala haya yameandikwa kumwomba mtu huyo angoje kidogo. Si kwa sababu mafundi wetu hawana ustadi, hasha, bali kwa sababu kitu alicho nacho mkononi hakikupakwa rangi wala vanishi tuijuayo, na dawa njema kwa mlango wa mninga yaweza kuwa sumu kwake.

Weusi ule unaong'aa kama maji ya usiku umetokana na utomvu wa mti uitwao urushi, unaoota Japani, China na Korea. Mti huachwa ukue kwa muda wa miaka kumi au zaidi, kisha katika miezi ya joto mgemaji huuchanja gome mikato ya mlalo, mmoja juu ya mwingine, akikusanya matone ya kijivujivu ambayo kwa mti mmoja hayazidi sana gramu 200 kwa msimu mzima. Na baada ya kutoa kiasi hicho kidogo mti hukatwa, mgemaji akangojea machipukizi ya shina lake. Mji wa Jōbōji katika mkoa wa Iwate, kaskazini ya Japani, ndio mashuhuri kwa kazi hiyo hata leo. Kwa kuwa utomvu mwingi unaotumika nchini humo huagizwa kutoka China, serikali ya Japani imeagiza kwamba majengo na tunu za taifa zitengenezwe kwa urushi wa nyumbani, agizo lililowarudishia wagemaji wa Jōbōji heshima ambayo ilikuwa imeanza kuwatoka.

Msomaji wa huku kwetu asidhani kwamba mti huo ni mgeni mtupu kwake. Ukoo wake ni ule ule wa mwembe na mkorosho. Aliyepata kuchuma embe bichi na utomvu wa kikonyo ukamchomea mdomo, au aliyeona vidole vya wabanguaji korosho huko Mtwara vilivyoliwa na mafuta ya ganda, amekwisha kuonja tabia ya ukoo huo. Urushi mbichi hufanya hivyo hivyo, ila kwa ukali uzidio, hata wanafunzi wa kazi hiyo huvimba uso na mikono kwa siku nyingi kabla miili yao haijazoea. Ukikauka, ule ukali hutoweka kabisa, na chombo kilichokuwa hatari mikononi mwa fundi huwa bakuli la kunywea mchuzi. Wajapani wenyewe waliitambua jamaa hiyo: baada ya Vita Kuu ya Pili walitengeneza, kwa mafuta ya maganda ya korosho, kipakwa cha bei nafuu cha kuiga urushi, nacho kingali kikitumika.

Ajabu kubwa ya utomvu huu ni namna unavyokauka. Rangi zetu hukauka kwa kupoteza maji au spiriti yake hewani, na ndiyo maana fundi huweka kazi yake juani. Urushi hufanya kinyume. Huhitaji unyevu ili ugeuke kuwa mgumu, kwani ndani yake mna kimeng'enya ambacho huchukua oksijeni ya hewa na kuunganisha chembe za utomvu hata zikawa kitu kimoja kisichoyeyuka tena. Na kimeng'enya hicho hakifanyi kazi ila hewa iwe na unyevu wa kadiri ya asilimia 70 hadi 85, na joto la wastani. Kwa hiyo fundi wa Kijapani ana kabati la mbao alilolirushia maji, na humo hukiweka chombo chake baada ya kila mpako. Mipako yaweza kufika ishirini au thelathini: kwanza mbao nyepesi zilizokaushwa miaka, juu yake kitambaa cha katani kilichogandishwa kwa urushi, juu ya kitambaa, udongo laini uliokorogwa na urushi, kisha mipako mitupu, kila mmoja mwembamba kuliko ukucha, kila mmoja ukisuguliwa kwa makaa na kwa unga wa pembe. Mwisho huja nakshi. Fundi huchora kwa urushi mbichi, na kabla mchoro haujakauka hunyunyiza juu yake unga wa dhahabu kwa kijiti cha mwanzi, akaubembeleza utue pale tu alipochora. Kazi hii huitwa maki-e, na sanduku moja zuri laweza kula miaka ya maisha ya watu kadhaa.

Vyombo hivyo vilianza kutoka Japani kwa wingi mwishoni mwa karne ya 16, Wareno walipokwenda kuvinunua: masanduku yenye vifuniko vya mviringo, yaliyopambwa kwa lulumizi na dhahabu, na meza za kuwekea vitabu vya ibada. Jahazi kubwa zilizovipeleka Ulaya, zikienda na kurudi kati ya Lisbon na Goa, zilikuwa za dola ile ile iliyojenga Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1593. Baada ya Wareno walikuja Waholanzi, na tamaa ya Ulaya ikazidi kadiri mali ilivyokuwa adimu. Urushi mbichi haukuweza kusafirishwa safari ya miezi mingi bila kuharibika, basi Wazungu wakaamua kuiga kwa vitu walivyoweza kuvipata. Mwaka 1688 John Stalker na George Parker walichapisha huko Oxford kitabu kizima cha kufundisha uigaji huo kwa vanishi za gundi na spiriti; na katika karne iliyofuata ndugu wa ukoo wa Martin wakapata umaarufu Paris kwa vanishi yao iliyong'aa hata ikaitwa kwa jina lao.

Hapo ndipo pwani yetu inapoingia katika habari hii kwa nguvu. Katika karne ya 19 hapakuwa na gundi ya vanishi iliyosifiwa kuliko sandarusi ya Unguja. Haikutoka Unguja hasa, bali ilichimbwa Mrima, katika mchanga wa nyuma ya Bagamoyo na Dar es Salaam hadi kusini, mahali palipokuwa na misitu ya misandarusi ambayo ilikwisha kufa zamani na kuacha utomvu wake ardhini ukigeuka mgumu kama kaharabu. Ilipooshwa ngozi yake ya nje ilionekana na vipele vidogo vidogo, alama ambayo wafanyabiashara waliitumia kuitambua iliyo bora. Baada ya mapatano ya Seyyid Said na Marekani ya mwaka 1833, merikebu za mji wa Salem, Marekani, ziliichukua kwa shehena, na huko Salem palikuwa na kiwanda cha Jonathan Whipple kilichofanya kazi ya kuiosha na kuipanga. Ilikwenda kung'arisha magari ya farasi, meza, na sinia nyeusi zenye maua ya dhahabu zilizofanywa Uingereza kwa mtindo wa Kijapani. Kwa hiyo yawezekana kabisa kwamba sinia ya kale iliyofika Bujumbura katika sanduku la mzungu wa zama za Wabelgiji, na ambayo mwenyewe huiita ya Japani, imepakwa jasho la mchimbaji wa Kizaramo. Mimi sioni kwamba hilo linaipunguzia thamani. Lakini linabadili matengenezo yake, maana vanishi ya sandarusi au ya lakiri ni kitu kimoja, na urushi ni kitu kingine, na mwenye kutengeneza ni lazima ajue kwanza ameshika kipi.

Njia ya kutofautisha haihitaji mashine nyingi. Chombo cha urushi aghalabu ni chepesi kuliko kinavyoonekana, na panapobambuka utaona safu zake: weusi, kisha udongo wa kijivu au wa hudhurungi, pengine nyuzi za kitambaa, kisha mbao. Chombo cha kuiga huonyesha mpako mnene wa rangi ya asali iliyoungua, na chini yake chokaa, bati, au karatasi zilizogandamizwa. Wahifadhi hujaribu kwa tone dogo sana la spiriti mahali palipofichika, kwa kuwa vanishi ya lakiri hulainika nayo ilhali urushi mzima haushituki. Lakini jaribio hili nawaachia wao, maana urushi mzee uliochomwa na jua si mzima tena, na tone moja laweza kuacha doa la kudumu.

Na jua ndilo adui wa kwanza. Utomvu huu ambao hustahimili asidi, chumvi na maji ya moto hauna kinga mbele ya nuru. Mwanga wa dirishani, mwaka baada ya mwaka, huvunja ngozi yake ya juu ikawa na nyufa nyembamba zisizoonekana kwa jicho. Weusi hugeuka hudhurungi, mng'aro hufa, dhahabu huanza kupukutika, na ngozi iliyoharibika hutoa asidi yake yenyewe, hata kitambaa chenye maji kikipitishwa juu yake huacha ukungu usiofutika. Alama ya kidole cha mtu yaweza kuchoreka humo milele. Adui wa pili ni ukavu. Mbao hunywa na kutoa unyevu wa hewa, hupanuka na kusinyaa, lakini ngozi ya urushi haimfuati mwenzake kwa kadiri ile ile. Mwishowe hutengana, na ufa hupita katikati ya kifuniko au ngozi huinuka mfano wa paa la kibanda. Hapa Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, miezi ya mvua ina unyevu ambao urushi ungeupenda, kisha kiangazi cha Juni hadi Septemba hukausha kila kitu na kujaza vumbi. Na chumba chenye kiyoyozi hufanya kiangazi cha mwaka mzima. Sanduku lililozoea nyumba za Kyoto huteseka kwa mageuzi hayo zaidi ya linavyoteseka kwa uzee wake.

Basi fundi mwenye maarifa hufanya nini? Kwanza hafanyi kitu. Hulitazama, hulipiga picha, huandika palipoinuka na palipopotea, na hukusanya kila kipande kilichodondoka. Vumbi hulitoa kwa brashi laini. Ngozi iliyoinuka huirudisha chini kwa kuingiza gundi ya ngozi ya mnyama iliyochemshwa kwa maji, au urushi wenyewe uliochanganywa na unga wa ngano, kisha huibana taratibu kwa vijiti vya mwanzi vinavyopinda, vilivyosimamishwa kati ya sanduku na fremu ya mbao, kila kijiti kikisukuma mahali pake kwa nguvu ndogo isiyozidi haja. Mashimo huyajaza kwa udongo laini na urushi, mpako juu ya mpako, na kila mpako huungoja ukauke. Mwenye haraka hana kazi hapa.

Juu ya hatua inayofuata maulamaa wa fani hii wamehitilafiana, na hitilafu yao ina faida kuijua. Desturi ya Japani ni kuchukua urushi mwembamba uliozimuliwa, kuupaka juu ya ngozi iliyochoka, kuuacha unyonywe na zile nyufa ndogo, kisha kupangusa uliobaki. Chombo hupata nguvu na weusi wake hurudi. Desturi ya makumbusho za Ulaya husema kwamba lolote analoliongeza mtengenezaji liweze kuondolewa na atakayekuja baada yake, na urushi ukishakauka hauondoki. Jambo hili lilijadiliwa kwa vitendo katika Jumba la Makumbusho la Victoria na Albert, London, wakati wa kulitengeneza sanduku la Kijapani liitwalo la Mazarin kati ya mwaka 2004 na 2008. Sanduku hilo, lililofanywa Kyoto yapata mwaka 1640 na kununuliwa na makumbusho hayo mwaka 1882, lilikuwa limepauka kwa nuru na kupakwa vanishi za Kizungu na watu wa zamani waliodhani wanaliponya. Wahifadhi wa Kijapani na wa Kiingereza walikaa kwenye meza moja, wakaondoa vanishi zile pale ilipowezekana, wakatumia vitu vya Kijapani pale palipohitaji nguvu na vya Kimagharibi pale palipohitaji kurudika. Mimi naona walitenda insafu. Ila namhurumia yule wa zamani pia, kwa kuwa alipaka vanishi kwa mapenzi. Na mapenzi yasiyo na subira ndiyo yaliyoviharibu vyombo vingi kuliko moto.

Watu wengi siku hizi wamesikia habari ya kuunganisha vyungu kwa dhahabu, nao hudhani dhahabu ndiyo gundi. Gundi ni urushi. Vipande hushikwa kwa urushi na unga, mapengo hujazwa kwa urushi na udongo, na dhahabu hunyunyizwa mwisho juu ya mstari mwembamba wa urushi, sawa na katika nakshi. Kabla mbinu hiyo haijaenea, Shogun Ashikaga Yoshimasa wa karne ya 15, kama wasimuliavyo, alilirudisha China bakuli lake la kijani lililopasuka ili apewe lingine, akajibiwa kwamba hapana tena awezaye kufanya mfano wake. Likaja limeshonwa kwa misumari ya chuma kama panzi waliotua. Bakuli hilo lipo katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo, na misumari yake ndiyo imelipa jina. Babu zetu wa pwani nao walizijua bakuli za China, na wakazipa kazi ambayo wafinyanzi hawakuikusudia: walizijenga katika nguzo za makaburi, na huko Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, bado mtu aweza kuona mahali zilipopachikwa.

Swali la kazi mpya ndilo linalowasumbua wengi wenye sanduku lililopasuka, kwa kuwa si kila mtu ana nafasi ya kuweka kitu kisichotumika. Historia imeacha mifano ya aina mbili. Huko Paris, katika karne ya 18, wafanyabiashara wa vitu vya anasa waliyanunua masanduku na pazia za urushi, wakayapasua kwa msumeno, wakaparuza mbao kwa nyuma mpaka ikabaki ngozi nyembamba iwezayo kupinda, kisha seremala Bernard van Risenburgh na wenziwe wakaigandisha kwenye makabati yaliyobinuka na kuizungushia shaba ya dhahabu. Kabati la droo aliloletewa malkia Marie Leszczyńska mwaka 1737 katika kasri la Fontainebleau lipo Louvre, nalo ni zuri, siwezi kukana. Lakini kila kabati la namna ile ni jeneza la sanduku. Aliyekuwa na hekima zaidi ni Maria Theresa, mtawala wa Austria, aliyeviacha vijaluba vyake vya urushi vizima. Binti yake Marie Antoinette alivirithi mwaka 1781 akaviongeza, na vingi viko salama hata leo kwa sababu kazi ya vijaluba hivyo ilikuwa kutazamwa na kushikwa kwa taadhima.

Mfano wa pili una ajabu yake. Sanduku lililo ndugu wa lile la Mazarin lilipotea mnamo mwaka 1941, na makumbusho ya London yakalitafuta miaka mingi. Kumbe mhandisi Mfaransa alikuwa amelinunua London mwaka 1970 kwa pauni 100, akaliweka chini ya televisheni yake. Na alipostaafu akalichukua hadi bonde la mto Loire, likawa kabati la chupa za vinywaji. Mwaka 2013 lilitambuliwa, likapigwa mnada na kununuliwa na Rijksmuseum ya Amsterdam kwa euro milioni 7.3. Hakuna mhifadhi atakayependekeza televisheni juu ya urushi. Hata hivyo mhandisi huyo hakulikata, hakulipaka, wala hakulipigilia misumari, na kwa hiyo lilitoka katika utumwa wake likiwa lile lile.

Warundi wana kanuni iliyo karibu na hii katika jambo la ngoma zao. Huko Gishora, karibu na Gitega, palipohifadhiwa ngoma za kifalme Ruciteme na Murimirwa, na katika nchi nzima ambayo uchezaji wa ngoma zake uliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa binadamu, ngozi ya ng'ombe iliyochakaa huvuliwa na nyingine kuwambwa kwa vigingi vyake, ilhali mzinga wa mti hubaki. Inajulikana kipi hubadilishwa na kipi hakiguswi. Katika sanduku la urushi kisichoguswa ni ngozi ya urushi yenyewe; lakini mbao za ndani, bawaba, kitambaa cha bitana, hivi vyaweza kuongezwa au kubadilishwa na seremala yeyote mwangalifu wa Buyenzi, bora asitie msasa wala gundi nyeupe wala mafuta ya kung'arishia upande wa nje.

Kwa mwenye sanduku, basi, nasema hivi. Kama ufa umetulia na hakuna kinachodondoka, uache ufa wake. Vipande vilivyotoka vitie katika bahasha pamoja na karatasi ya kueleza vilitoka wapi, uiweke ndani ya sanduku lenyewe. Mwagize seremala trei ya mbao nyepesi iliyofunikwa kitambaa cha pamba, isimame yenyewe ndani bila gundi wala msumari, na juu ya trei hiyo sanduku lichukue kazi: tasbihi, barua za wazee, vyeti vya ndoa, shanga za bibi. Trei ikiondolewa, hapana kovu. Liwekwe mbali na dirisha na mbali na mdomo wa kiyoyozi, mahali ambapo nuru ni kama ile ya makumbusho, ambayo kwa vyombo hivi haizidi lux 50; katika miezi ya kiangazi lifunikwe kwa shuka safi, na glasi ya maji ikae karibu katika kabati hilo hilo. Lishikwe kwa mikono miwili, mikavu, kwa chini na si kwa kifuniko. Na ikiwa ngozi inaendelea kuinuka, lisisafiri kwenda kwa yeyote kabla halijafungwa kwa karatasi laini isiyo na asidi na kulazwa kama lilivyozoea kulala, maana mtikisiko wa barabara ya kwenda Gitega peke yake waweza kumaliza kazi ambayo jua liliianza.